Picha za Mfalme Zinauzwa: Kitabu cha 1775 na Nguo Ambazo Hakuna Mtu Alikuwa Anavaa

Leo tunaongea nguo. Lakini si za mtumba, na si zile za wale jamaa wa fashoni wanaopiga picha katikati ya barabara kama magari hayana haraka. Leo ni nguo za mfalme wa Ufaransa, na kitabu kimoja cha zamani sana ambacho picha zake umeshaziona mtandaoni mara mia bila kujua zilitoka wapi.

Unajua zile michoro za mtu amesimama peke yake, mguu mmoja mbele, amevaa joho refu la manyoya na taji kichwani, halafu kuzunguka picha kuna fremu ya marembo? Mtu anaiposti na kuandika chini, "Hivi ndivyo Wafaransa walivaa miaka ya 1700." Inapata laiki elfu kumi. Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu hivyo sivyo Wafaransa walivaa. Hata matajiri wao hawakuvaa hivyo. Hata mfalme mwenyewe hakuvaa hivyo, isipokuwa siku moja tu maishani mwake.

Kitabu chenyewe kinaitwa Sacre et couronnement de Louis XVI. Maana yake ni kama "Kuwekwa wakfu na kuvikwa taji kwa Louis wa 16". Kilitoka Paris mwaka wa 1775. Maandishi ni ya kasisi mmoja aitwaye Pichon pamoja na Nicolas Gobet, na picha zilichongwa na jamaa anaitwa Patas. Ndani kuna historia ya kutawazwa kwa wafalme wa Ufaransa tangu Clovis, kuna ripoti ya sherehe ya tarehe 11 Juni 1775 katika kanisa kuu la Reims, na kuna hizo picha: za matukio ya siku hiyo, na za mavazi, mtu mmoja mmoja. Mfalme na mavazi yake ya hatua mbalimbali za sherehe, maaskofu, makabaila, maafisa, kila mtu na cheo chake na nguo yake, na maelezo kando.

Nakala za karatasi zilizobaki leo ziko kwenye maktaba kubwa, na kwa watu ambao hobi yao ni kutumia pesa. Mimi nilikipitia kwenye simu yenye skrini imepasuka, usiku, kwa bando la shilingi hamsini. Kifaransa changu ni cha kubahatisha. Lakini picha hazihitaji Kifaransa.

Sasa, huyo mfalme. Louis alikuwa na miaka 20. Rudia hiyo. Ishirini. Babu yake, Louis wa 15, alikufa kwa ndui Mei 1774, na huyu kijana akarithi nchi nzima akiwa na miaka 19. Mkewe, Marie Antoinette, alikuwa na 19 siku ya sherehe. Mdogo wake wa mwisho, Artois, alikuwa na 17. Ukiangalia picha zile unaona wazee wazito, wametulia, wamejaa heshima. Ni vijana wa rika letu wamevishwa nguo za mababu.

Na hapa ndipo kitabu kinaanza kuwa kitamu. Mwaka wa 1775 mwanamume tajiri Ufaransa alivaa koti la hariri linalobana, suruali inayoishia magotini, soksi ndefu, na wigi yenye poda. (Ndiyo, wigi. Ile mitindo ya wigi ilienea Ulaya kutoka kwa wakubwa kama hao wa Ufaransa, ikaingia Uingereza, ikakwama kwa majaji, Waingereza wakaileta huku. Majaji wetu walivua zao enzi za Jaji Mkuu Mutunga. Haya, turudi.) Sasa angalia picha za Patas. Hakuna koti la kubana. Kuna majoho yanayoburuta chini, kanzu za nyuzi za dhahabu, kaptura zilizofura kama maboga za mtindo wa miaka karibu mia mbili nyuma, kofia za manyoya ya ndege. Kila kitu ni cha zamani kwa makusudi. Hata walinzi wa Uswisi walivaa stailo ambayo babu wa babu zao ndiye angeitambua.

Kwa nini? Kwa sababu sherehe nzima ilikuwa inasema kitu kimoja: hakuna kilichobadilika. Mfalme huyu ni yule yule wa jana, na wa juzi, hadi Clovis, ambaye alibatizwa Reims mwishoni mwa karne ya 5. Hadithi inasema siku ile ya Clovis njiwa alishuka kutoka mbinguni akiwa amebeba kichupa cha mafuta matakatifu. Sasa, aliyeiandika hadithi hiyo kwanza ni Askofu Mkuu Hincmar wa Reims, karne ya 9, miaka kama 400 baada ya tukio. Askofu wa Reims anaandika kwamba mafuta ya kutoka mbinguni yako Reims, kwa hivyo wafalme lazima waje Reims. Biashara ni biashara.

Lakini ilishika. Kichupa kilikuwepo kweli, kilitunzwa kwenye abasia ya Saint-Remi, na siku ya kutawaza kililetwa na mkuu wa watawa akiwa juu ya farasi mweupe, chini ya mwavuli wa kitambaa cha fedha. Njiwa hakuonekana tena.

Hebu tupitie siku yenyewe, maana picha zinakupeleka hatua kwa hatua.

Inaanza asubuhi na mlango. Maaskofu wawili, wa Laon na wa Beauvais, wanaenda chumba cha mfalme na kubisha. Sauti ndani inauliza wanataka nini. Wanasema wanamtaka mfalme. Wanajibiwa mfalme amelala. Wanabisha tena, jibu ni lile lile. Mara ya tatu wanabadilisha maneno, wanasema wanamtaka Louis, ambaye Mungu amewapa awe mfalme wao, na hapo ndipo mlango unafunguka. Yeye yuko kitandani amevaa tayari, amejilaza tu. Kila mtu kwenye chumba anajua hajalala. Ni mchezo, wazi kabisa, na wanaucheza kwa uso mkavu.

Anapelekwa kanisani akiwa na joho refu la kitambaa cha fedha, na ndani yake shati la atlasi nyekundu. Hili shati ndilo nguo ninayoipenda zaidi kwenye kitabu kizima. Lina nafasi za kufunguliwa, kifuani, mgongoni, mabegani, kwenye viwiko. Ni za mafuta. Askofu mkuu wa Reims, mzee La Roche-Aymon, aliyekuwa anakaribia miaka 80, anachovya kidole na kumpaka mfalme utosini, kifuani, katikati ya mabega, bega la kulia, bega la kushoto, na ndani ya viwiko. Baadaye viganja. Fundi aliyeshona lile shati alilazimika kujua ibada yote kichwani, la sivyo askofu angebaki anatafuta kiwiko mbele ya Ufaransa nzima.

Baada ya mafuta ndipo nguo kubwa zinaingia. Kanzu mbili, moja juu ya nyingine, kama za mashemasi, kuonyesha kwamba mfalme sasa ni kama nusu padre. Juu yake joho la mahameli ya zambarau lililotapakaa maua ya yungiyungi ya dhahabu, na ndani limepigwa bitana ya manyoya meupe ya mnyama mdogo wa nchi za baridi, jamii ya kicheche, yale yenye vidoa vyeusi ambavyo ni ncha za mikia. Piga hesabu ya vicheche vilivyokufa kwa joho moja. Kisha pete na fimbo ya enzi. Kabla ya mafuta alikuwa ameshapewa upanga unaosemekana ulikuwa wa Charlemagne, ambao bado uko makumbusho ya Louvre. (Ukidhani mambo ya upanga ni ya Wazungu wa kale, kumbuka rais wetu akiapishwa pia hukabidhiwa upanga. Hakuna anayekuuliza wa kukata nini.) Halafu taji.

Taji haliwekwi na askofu mkuu peke yake. Wakubwa 12 wanalizunguka na kunyoosha mikono kulishika, kwamba wao ndio nguzo zake. Sita ni maaskofu. Sita ni watawala wa mikoa mikubwa: Duke wa Burgundy, Duke wa Normandy, Duke wa Aquitaine, na watawala wa Flanders, Champagne na Toulouse.

Sasa shika kiti.

Hao sita wa mwisho hawakuwepo. Sisemi walikosa kuja, nasema vyeo vyenyewe vilishakufa. Mikoa ile ilikuwa imemezwa na taji au imetoka mikononi mwake zamani sana, na hakuna kabaila aliyekuwa anaitawala. Sherehe ilihitaji watu sita, kwa hivyo ndugu na jamaa wa mfalme walipewa majukumu kama waigizaji. Mdogo wake wa kwanza, Provence, aliigiza Duke wa Burgundy. Artois, yule wa miaka 17, aliigiza Duke wa Normandy. Duke wa Orléans, binamu yao mzee, aliigiza wa Aquitaine. Mwanawe, Duke wa Chartres, pia alikuwa kati ya hao sita. Walivishwa kanzu za dhahabu, majoho ya zambarau yenye manyoya, na vitaji vyao vidogo, wakasimama pale kama mizimu sita imeshika taji la mtu hai.

Kitabu kinawachora hao kwa heshima yote. Kurasa zile ndizo mtandao unapenda kuziita "mavazi ya makabaila wa Ufaransa". Ni mavazi ya jukwaani! Ni kama mtu miaka 250 ijayo apate picha za tamasha la muziki la shule za upili, aone wanafunzi na vibwebwe na mikuki ya mbao, halafu aandike kitabu kwamba hivi ndivyo Wakenya walienda kazini mwaka wa 2024.

Nataka kukaa kidogo kwenye suala la nani alikuwa anapata picha hizi, kwa sababu hapo kuna mabadiliko ambayo watu wanayapita.

Kabla ya hiki kulikuwa na kingine. Louis wa 15 alitawazwa tarehe 25 Oktoba 1722, akiwa na miaka 12, mtoto kabisa, na serikali ikaagiza kitabu cha ukumbusho. Kilichorwa na Pierre Dulin, kikachongwa na mafundi wengi, kikachukua karibu miaka kumi kumalizika. Ni kikubwa kama meza. Kile kilikuwa cha zawadi: mfalme anampa balozi, anampa mfalme mwenzake, anampa mkubwa fulani amkumbuke. Mimi na wewe hatungekigusa.

Cha 1775 ni kidogo, kinashikika, na kilitoka mwaka ule ule wa sherehe. Kwenye ukurasa wa kwanza utaona kinauzwa kwa Vente, muuza vitabu, na kwa Patas mwenyewe, mchongaji. Yaani aliyechonga picha ndiye anaziuza. Huyo ni mtengenezaji kontenti mwenzetu, manze. Kuna tukio, watu wanaliongelea, yeye anakimbia kutoa picha kabla moto haujapoa. Na kama sisi wote tukibanwa na muda, hakuanza kila kitu kutoka sifuri. Weka baadhi ya picha zake za mavazi kando na za kile kitabu cha 1722 uone zinavyofanana. Ibada ni ile ile, nguo ni zile zile, anayebadilika ni mtu wa ndani.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Unachukua bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa. Unachonga mistari kwa chuma chenye ncha kali, mmoja mmoja, kinyume, kama kwenye kioo, ili ikichapishwa ikae sawa. Kivuli ni mistari iliyosongamana. Mahameli ni mistari, manyoya ni mistari, uso wa mfalme ni mistari. Halafu unapaka wino, unaufuta juu ubaki ndani ya mikwaruzo tu, unaweka karatasi yenye unyevu, unapitisha kwenye mashine ya roli inayokandamiza kwa nguvu hadi ukingo wa bamba unaacha alama ya kudidimia kwenye karatasi. Alama hiyo ndiyo watu wanaojua wanaitafuta wakitaka kujua kama picha ni ya kweli au ni ya kuchapisha juzi. Na shaba inachoka. Picha za mwanzo zina weusi wa kuvutia, za mwisho zimepauka. Kwa hivyo vitabu viwili vya mwaka mmoja vinaweza kuwa na bei tofauti kabisa.

Haya. Mpaka hapa nimekuonyesha kilichomo. Sasa niseme ambacho hakimo, na hiki ndicho kilinifanya niandike badala ya kuposti picha moja na kwenda kulala.

Mavuno ya 1774 yalikuwa mabaya. Septemba mwaka huo, waziri wa fedha, Turgot, aliondoa udhibiti wa biashara ya nafaka. Wazo lake lilikuwa soko lijiendeshe lenyewe. Soko likajiendesha, likapanda. Paris mkate wa ratili nne ulitoka sou 11 hadi karibu 14. Kwa familia ya kibarua, ambayo nusu ya kipato chake ilikuwa inaisha kwenye mkate, hiyo si takwimu, ni watoto kulala njaa. Yeyote ambaye nyumbani kwao walishawahi kubadilisha kipimo cha unga kutoka pakiti ya kilo mbili hadi kukopa robo dukani, anaelewa bila kuelezwa.

Mwishoni mwa Aprili 1775 watu wakaingia barabarani. Ilianzia Beaumont-sur-Oise, ikafika Versailles tarehe 2 Mei, Paris tarehe 3. Wanahistoria wanaita Vita vya Unga. Kumbuka kwamba mara nyingi hawakuwa wanaiba tu. Walikamata nafaka na mkate, wakataja bei waliyoona ni ya haki, wakalipa hiyo. Serikali ikajibu kwa wanajeshi kama 25,000. Na tarehe 11 Mei, pale uwanja wa Grève mjini Paris, watu wawili wakanyongwa hadharani ili wengine wajifunze.

Mmoja alikuwa mtengeneza wigi, miaka 28. Mwingine alikuwa mfumaji wa kitambaa chepesi cha shashi, miaka 16.

Miaka kumi na sita. Mfumaji. Mwezi mmoja kamili kabla ya Reims. Tarehe 11 Mei wananyongwa mtu wa wigi na kijana wa vitambaa, tarehe 11 Juni mfalme anavalishwa nguo mbele ya ulimwengu, na kabla mwaka haujaisha unaweza kwenda dukani ununue picha za nguo hizo, kila kifungo, kila mkia wa kicheche. Nguo zile zilifumwa na mtu. Zilitariziwa na mtu. Kitabu kina majina ya kila aliyezivaa.

Turgot mwenyewe, yule yule wa nafaka, alipendekeza sherehe ifanyike Paris ili gharama ipungue. Mfalme akakataa, lazima Reims. Turgot alitaka pia kiapo kibadilishwe, ile sehemu mfalme anaapa kuwaangamiza wazushi, yaani Waprotestanti kwa wakati ule. Haikuondolewa. Ila kuna kitu kingine kiliondolewa, na watu walikinusa. Zamani kwenye ibada kulikuwa na mahali ambapo maaskofu wanawageukia waliohudhuria na kuuliza kama wanamkubali huyu awe mfalme. Ilikuwa ni sekunde chache tu, na hakuna aliyewahi kusema hapana. Mwaka wa 1775 wakaikata. Kulikuwa na watu Paris walioandika wakilalamika: hata kutuuliza kwa utani, mmeona ni nyingi?

Nisiwe mbaya kwa Louis na mkewe kuliko wanavyostahili. Marie Antoinette hakutawazwa, alitazama tu kutoka jukwaa la pembeni, akalia hadi ikabidi atoke kidogo. Tarehe 22 Juni alimwandikia mama yake kwamba watu waliwapokea vizuri sana licha ya mkate kuwa ghali, na kwamba kwa sababu hiyo wao wawili wana deni la kuwatafutia raia furaha. Ile stori ya "wale keki" haina uhusiano naye. Rousseau aliandika habari ya binti mfalme fulani asiyetajwa jina akiizungumzia miaka ambayo Marie Antoinette alikuwa bado mtoto kwao Austria. Na Louis, siku tatu baada ya taji, aliwagusa wagonjwa 2,400 wa uvimbe wa tezi za shingo, mmoja mmoja, maana iliaminika mkono wa mfalme aliyepakwa mafuta unaponya. Wagonjwa elfu mbili na mia nne, na joto la Juni. Nadhani aliamini kabisa. Hilo ndilo linanisumbua: hakuwa tapeli. Alikuwa kijana ambaye alivishwa kitu na akaamini kimeshonewa ngozi yake.

Kilichofuata unakijua kwa juu juu, lakini ukifuate kwa macho ya nguo uone.

Mei 1789 wawakilishi wa taifa wanaitwa Versailles, na ofisi ya itifaki inatoa amri ya mavazi: makabaila dhahabu na manyoya kofiani, wawakilishi wa watu wa kawaida nyeusi tupu. Wale wa nyeusi walikasirika, na kabla mwaka haujaisha tofauti hizo za nguo zikafutwa. Tarehe 20 Juni 1792 umati unaingia ndani ya jumba la mfalme Paris na kumvika Louis kofia nyekundu ya mapinduzi. Akaivaa. Hakukuwa na askofu wala mafuta safari hii. Tarehe 21 Januari 1793 akakatwa kichwa. Kati ya waliopiga kura afe ni Duke wa Chartres, yule yule wa kanzu ya dhahabu aliyenyoosha mkono kushika taji Reims, sasa akijiita Philippe Égalité, yaani Philippe Usawa. Naye akakatwa kichwa Novemba mwaka huo huo.

Oktoba 1793 mjumbe wa serikali ya mapinduzi, Rühl, alifika Reims, akakichukua kile kichupa cha njiwa, akakivunja hadharani. Na tarehe 29 mwezi huo huo bunge likapitisha sheria kwamba hakuna mtu anaruhusiwa kumlazimisha raia mwingine kuvaa namna fulani. Wiki tatu, kichupa na sheria ya nguo. Mimi chuoni, kabla sijaacha, nilifundishwa Mapinduzi ya Ufaransa kama orodha ya sababu sita za kukariri. Hakuna aliyetaja nguo hata mara moja.

Hadithi ya vitabu haikuisha hapo. Napoleon alijitawaza Desemba 1804, akaikwepa Reims kabisa, akafanyia Notre-Dame mjini Paris, akatoa maua ya yungiyungi na kuweka nyuki wa dhahabu, wazo la kutoka kaburi la mfalme wa kale Childeric. Akaagiza naye kitabu chake cha picha, mchoraji Isabey akachora watu na mavazi. Kilichelewa sana. Kilipokuwa tayari, ufalme wenyewe ulikuwa unaanguka.

Wa mwisho kutawazwa Reims alikuwa Charles wa 10, Mei 1825. Unamjua. Ni Artois, yule kijana wa miaka 17 aliyeigiza Duke wa Normandy. Sasa ana miaka 67. Wakatafuta vipande vya kichupa vilivyookotwa, wakachanganya mafuta, wakashona majoho upya. Aligusa wagonjwa kama 120. Miaka mitano baadaye Paris iliingia barabarani tena, naye akakimbilia Uingereza.

Sasa ombi langu kwa mnaoposti hizi picha. Vitabu kama hiki vinauawa polepole. Muuzaji ananunua nakala nzima, anachukua wembe, anakata picha moja moja na kuziuza na fremu, kwa sababu picha arobaini zinaleta doo kuliko kitabu kimoja. Ndiyo maana picha inakufikia bila tarehe, bila maelezo, bila kitu. Inakuja tu kama "fashoni". Kabla ya kuandika chochote chini yake, ingia Gallica, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ni bure, na utafute Sacre et couronnement de Louis XVI. Pitisha kurasa hadi ufike kwa wale sita. Soma jina la cheo, kisha jiulize mwaka wa 1775 nani alikuwa anakishika.

Na kama kuna mtu hapa anajua Kifaransa kizuri, niandikie. Kuna maelezo ya lile shati la viwiko nataka tuyatafsiri sawasawa, halafu nimpelekee fundi wa mtaani kwetu anishonee moja. Nyekundu. Bila mafuta.